Okidi Niliyoipanda Kama Muwa

Vijana wangu, kabla sijawaambia lolote kuhusu maua, tazameni kwanza mikono yenu. Kama kucha zimejaa udongo, hiyo ni dalili njema kwa mtu wa mboga, wa waridi au wa miche ya kahawa. Kwa mtu wa okidi, ni dalili kwamba kuna jambo ameanza vibaya. Nimefanya kazi ya bustani zaidi ya miaka thelathini, kwanza Jinja na baadaye Mbale, na kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya lilianza na kucha chafu.

Okidi ninayoisema hapa ni ile tuliyoiita okidi chui. Ua lake ni la manjano, lina madoa ya kahawia, nayo maua hutoka mengi kwa pamoja kwenye kijiti kimoja kinachoinama. Haioti ardhini. Makao yake ni juu ya mti, mahali penye jua na upepo. Watu wengi huniuliza swali lile lile alilouliza marehemu mama yangu: "Sasa si inanyonya mti?"

Hainyonyi. Ifikirieni kama mgeni anayekaa barazani lakini haingii jikoni. Mti unampa mahali pa kukaa, basi. Chakula chake anajitafutia mwenyewe: maji ya mvua, vumbi, majani makavu yanayoanguka kutoka juu. Mizizi yake ni ya aina mbili. Mizizi minene inashika gome la mti. Mingine ni myembamba na myeupe, nayo inasimama ikielekea juu kama sindano, kazi yake kunasa majani hayo makavu yaozee papo hapo. Mtu asiyejua akiiona mizizi inayotazama mbinguni, atadhani mmea umegeuzwa kichwa chini.

Na mashina yake yamekaa kwa fungu, marefu kama mkono, yana pingili, rangi yake kati ya kijani na manjano. Mtu wa Jinja, aliyezungukwa na mashamba ya miwa pande zote, akiyaona mara ya kwanza atasema neno moja tu: muwa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Ramadhani. Alikuwa msimamizi wa bustani ya maua tuliyofanyia kazi pale Jinja, Mnubi aliyezaliwa hapo hapo mjini, ingawa babu yake alikuja na askari kutoka Sudani. Nyumbani kwake walisema Kinubi, kazini alisema Kiswahili kilichonyooka. Sisi wengine tulisema cha kwetu, kile chenye sehemu zilizopotea njiani. Mimi ni Mgisu wa chini ya mlima Wanale, na wakati huo nilikuwa nasema "mtu ile" na "kitu yangu" bila wasiwasi wowote. Mzee alikuwa ananisahihisha Kiswahili na kazi kwa pamoja, kwa pumzi moja.

Siku moja saa sita mchana nilishika mpira wa maji nikaimwagia okidi yake mpaka ikatiririka. Akaja akiwa ameweka mikono nyuma.

"Binti, unaiogesha au unaizamisha?"

"Mzee, iko kiu. Jua iko kali."

"Jua li kali. Na maji yakibaki katikati ya majani machanga, jua hili litayapika kama supu. Maji asubuhi, ili jioni iwe imekauka. Rudia."

"Maji asubuhi."

"Na jua?"

"Jua li kali, Mzee."

Alikuwa hivyo. Hakupiga kelele, lakini hakuna kosa lililompita.

Okidi hiyo aliipata Budondo, nje kidogo ya Jinja, walipoangusha mvule mkubwa. Wenye mti walitaka mbao. Yeye aliomba tawi moja lenye kile walichokiita uchafu. Ilikuwa kanuni yake, na sasa ni yangu, nanyi naomba muichukue: usipande mti ulio hai kwenda kung'oa okidi. Chukua kwenye mti ulioangushwa au tawi lililovunjwa na upepo, au mwombe mwenzako akugawie. Ukiing'oa porini, mara nyingi unaikata mizizi, nayo inakufia nyumbani taratibu huku ukidhani inazoea.

Kwa miaka mingi mimi nilikuwa mtu wa chini, wa matuta ya maua. Okidi ilikuwa kazi yake peke yake. Niliitazama kutoka chini tu, nikidhani ameiweka juu ya mti ili mbuzi wasiifikie, na ndiyo maana yaliyofuata yalifuata.

Vita vikaja. Tulikuwa tumezoea kusikia habari za mbali, kisha tukaanza kusikia mizinga. Serikali ya wanajeshi ilikuwa inaanguka, na watu wakaanza kuwatazama Wanubi, ambao wengi walikuwa kwenye jeshi hilo, kwa jicho baya, kana kwamba kila mmoja wao alikuwa na bunduki. Mzee Ramadhani kitu chake cha chuma kilikuwa mkasi wa kupogolea. Lakini nani angemuuliza? Wanawe walipata nafasi kwenye lori la kwenda upande wa Kenya, wakaja kumchukua pale pale bustanini.

Alishuka kwenye ngazi akiwa ameibeba okidi yake kwenye gunia. Kila mtu mwingine kwenye lori lile alikuwa amebeba birika, godoro, cherehani. Alinikabidhi gunia, akahesabu mashina mbele yangu kwa kidole: kumi na moja.

"Nyumba watachukua," alisema. "Hilo nimelikubali. Lakini nikirudi nataka nikute kitu kimoja kinachonijua. Utanitunzia?"

Nikasema nitatunza. Sikujua hata jinsi ya kuishika.

Lori likawashwa. Injini ilinguruma kama ng'ombe mgonjwa. Mzee aliinama ubavuni akapaza sauti, na nilichosikia kilikuwa hiki: "Ipande... panda, binti! Panda!"

Nikapunga mkono. Nimesikia, Mzee. Nitapanda.

Siku ya pili yake nami niliondoka kwenda kwetu Mbale. Njiani kulikuwa na kizuizi, na askari mmoja mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi akagusa gunia langu kwa mtutu.

"Nini iko ndani?"

"Maua, afande."

"Maua? Watu nabeba sufuria, watu nabeba kuku, wewe nabeba maua?" Akafungua. Uso wake ukachangamka. "Ah! Wewe nadanganya mimi. Hii ni muwa!"

"Afande, siyo muwa."

Alikuwa amekwisha vunja shina moja. Akamenya kwa meno, akatafuna mara mbili, kisha akasimama kabisa kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Akatema.

"Hii muwa gani bila sukari? Nenda! Nenda na maua yako!"

Tuliokuwa kwenye foleni tuliinamisha macho, lakini mama mmoja nyuma yangu alishindwa kujizuia, akacheka ndani ya kanga yake. Nami nikapita na mashina kumi.

Mngetegemea kwamba baada ya kuuona uso wa yule afande nisingeichukulia okidi kama muwa. Lakini mkono wa mtu unafanya uliyoyazoea. Nilifika nyumbani, nikachimba tuta zuri nyuma ya nyumba ya mama, nikalijaza samadi ya ng'ombe. Nikakata mashina manne vipande vipande, nikayalaza kwenye mfereji kama mbegu za muwa, nikafukia. Yale sita yaliyobaki niliyasimamisha. Nilipoona mizizi myeupe inatazama juu, nikasema gunia limeigeuza, maskini, nikaikandamiza mizizi ile yote chini ya udongo. Kisha nikamwagilia asubuhi, kama nilivyofundishwa. Nilijisifu sana.

Yale manne hayakutoa hata chipukizi. Nilipofukua nilikuta uji. Kwenye yale sita, mawili yakaanza kuwa meusi kutoka chini na kutoa harufu ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye beseni. Sikulala vizuri wiki ile. Mama alisema watu wamekufa, watu wamepoteza nyumba, na wewe unalilia jani. Nikamwambia ni jani la mtu.

Wakati huo askari wa Tanzania walikuwa wameshaingia Mbale, na wengine walikaa si mbali nasi. Koplo mmoja, kijana wa Tanga, alikuwa anakuja kununua ndizi kwa mama. Mara ya kwanza alinisalimia, "Shikamoo, mama," nami kwa kutojua nikajibu, "Eeh, mzuri." Alinivumilia. Siku moja ya wiki ile alinikuta nimechuchumaa mbele ya tuta.

"Mama, hii mbona umeizika?"

"Sijazika. Nimepanda."

"Hii kwetu inakaa juu ya miti. Aliyekupa alikuambiaje?"

"Aliniambia: ipande, panda."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye samadi. Nilikasirika, nikamwuliza kinachomchekesha ni nini. Akafuta macho, akainua vidole viwili akavitanua hivi, kama manati.

"Panda ni hii, mama. Pale mti unapogawanyika matawi mawili. Hakukuambia panda, panda. Alikuambia ipande kwenye panda!"

Neno "kwenye" lilikuwa limemezwa na injini ya lori. Na neno "panda" lenye maana hiyo halikuwa kwenye Kiswahili changu hata kidogo. Mzee alinisahihisha miaka mingi, lakini hilo moja hakuwahi kulifikia.

Koplo akavua buti, akapanda mjakaranda uliokuwa nyuma ya nyumba, akakaa penye panda yake akanionyesha mahali pa mgonjwa, kisha akashuka. Tulikata sehemu zote zilizooza mpaka tukaona nyama nyeupe, tukapaka unga wa mkaa kwenye vidonda, tukauacha mmea kivulini siku tatu ukauke. Yalibaki mashina manne. Kisha tukaufunga pale kwenye panda kwa kamba za mgomba.

Hapa nawaomba mtulie kidogo, maana kamba ni jambo ambalo wengi wenu mnalikosea. Msifunge okidi kwa waya. Waya unakata mizizi na haulegei. Nailoni nayo inabaki miaka na kuumiza gome. Kamba ya mgomba inakaa miezi kadhaa, kisha inaoza yenyewe. Kufikia hapo mizizi mipya imeshajishikiza. Funga imara, mmea usitikisike hata kidogo upepo ukivuma, kwa sababu ncha ya mzizi mpya ni laini kama jino la mtoto: ikisuguliwa inakufa. Na chagua mti wenye gome linalokwaruza, siyo ule unaobambuka kama mpera.

Koplo alihamishwa miezi michache baadaye. Alipokuja kuaga nilimsalimia mimi kwanza, na alipojibu "Marahaba" kwa mzaha, mama alidhani ananitukana.

Okidi ilinuna karibu mwaka mzima. Hii nayo mjifunze: mmea uliohamishwa unafanya kazi usiyoiona. Msiusumbue, msiung'oe kila wiki kuangalia kama umeshika. Siku moja nilipanda kwa ngazi nikaona ncha ya kijani inachomoza kwenye mzizi, ndogo kama punje ya mchele. Nilishuka nikamkumbatia mama, akauliza kama vita vimekwisha.

Kosa langu la pili lilikuwa la usafi. Ile mizizi ya sindano ilirudi kusimama, ikajaa majani makavu, manyoya ya ndege na vijiti. Mimi ni mtu wa kufagia. Kila Jumamosi nilipanda nikaisafisha mpaka ikang'aa. Mashina mapya yakatoka membamba, kama penseli. Ilinichukua misimu miwili kuelewa kwamba nilikuwa nampora mtu sahani yake. Nilipoacha kufagia, mashina yalinenepa. Mnaweza kuiongezea chakula, maji ya samadi yaliyochujwa na kuchanganywa mpaka yafanane na chai hafifu, mara moja kwa wiki mbili wakati wa mvua tu. Lakini majani makavu muyaache.

Na maua? Hayakuja. Mwaka wa kwanza sikushangaa, wa pili nilivumilia, wa tatu nilianza kuzungumza nayo kwa ukali. Nilikuwa naimwagilia mwaka mzima bila kukosa.

Kisha ukaja ule mwaka mabomba ya mji yalipokufa kabisa. Pampu zilikuwa zimeharibika, hakuna vipuri, na kiangazi cha baada ya Krismasi kilikuwa kikali. Maji tuliyatafuta mbali, kwenye kijito kinachoshuka kutoka Wanale, na kila tone lilikuwa la kunywa au la kupikia. Nilisimama chini ya mjakaranda nikaiomba okidi msamaha. Nilikuwa nimeahidi kuitunza, na sasa sikuwa na kikombe kimoja cha kuipa. Mjakaranda ukapukutisha majani, jua likaipiga okidi moja kwa moja. Mashina yakaingia mikunjo kama shingo ya bibi. Mama, ambaye alikuwa akiutazama mti ule kwa ajili ya kuni, alisema, "Hiyo imekwisha. Tukate?"

"Mama, subiri mvua ya kwanza."

Wiki chache baadaye, kabla hata ya mvua, nikaona kwenye ncha za mashina vijiti vinatoka, vimejaa vifundo. Nilifikiri ni ugonjwa. Vilikuwa vichipukizi vya maua. Vilipofunguka, nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na chui mia wadogo wamening'inia hewani, na majirani wakaja na watoto wao. Hata mama alileta kiti akakaa kutazama. Hakusema tena habari za kuni.

Kumbe kiu ndiyo ilikuwa dawa. Porini okidi hii hupata mvua nyingi, halafu kiangazi kikavu chenye jua, na kiangazi hicho ndicho kinachoiambia wakati umefika. Kwa hiyo nanyi, mvua zikiisha na mashina mapya yakishakomaa, punguzeni maji. Mashina yanyunyizieni kidogo tu yakikunjamana mno. Mkiona vifundo vya maua, rudisheni maji taratibu. Uhaba ulinifundisha jambo ambalo wingi ulinificha, na sijui kama ningelijua hadi leo kama pampu zisingekufa.

Miaka ikaenda. Matatizo mengine yalikuja na kupita, mabomba yakafufuka, barabara ikawekwa lami upya. Nikafungua kitalu kidogo mbele ya nyumba. Habari za Mzee Ramadhani hazikuwapo. Wengine walisema amekufa Nairobi, wengine walisema amekwenda Sudani. Kila mara maua yalipofunguka nilikuwa nahesabu mashina na kujiuliza nayahesabia nani.

Alasiri moja mzee mwenye kanzu na fimbo alisimama mbele ya kitalu, akatazama miche yangu kwa muda mrefu.

"Hii nyanya umeipanda karibu karibu sana," alisema.

Nikamjua papo hapo kuwa ni Mzee Ramadhani. Nilimletea kiti, kisha chai. Alinieleza habari za Nairobi, za wajukuu, za goti lake. Alisema nyumba yake ya Jinja ina watu wengine sasa, na alilisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Bustani aliipitia, akakuta miti imekatwa kuni yote. Yeye alikuwa anakaa Buwenge kwa binti yake. Kuhusu gunia hakuuliza. Alizungumza juu ya kila kitu isipokuwa hilo, na nikaelewa kwamba alikuwa anaogopa kuuliza, kama mimi nilivyokuwa naogopa kusema.

"Mzee," nikasema mwishowe, "njoo nyuma ya nyumba."

Haikuwa na maua siku hiyo. Ilikuwa imekaa tu kwenye panda ya mjakaranda, kubwa kama kikapu cha sokoni, mizizi yake imesimama. Mzee akavua viatu. Akaegemeza fimbo.

"Mzee, utaanguka!"

"Nikianguka utanipanda tena," akajibu, na tayari alikuwa kwenye ngazi.

Alikaa kule juu muda mrefu. Nilimsikia akiisemesha kwa Kinubi, polepole, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti. Alifika arobaini na sita.

Nikaona ni wakati wa kusema. Nikasema yote kutoka chini ya mti, kama mtoto: afande alitafuna moja, mimi nikazika mengine kama muwa, sita nikaua kwa mkono wangu, kwa sababu sikujua panda ni nini.

Kisha majani ya mjakaranda yakaanza kutikisika, na nikatambua kwamba Mzee anacheka.

"Alitafuna bila sukari?"

"Bila sukari, Mzee."

"Na wewe ukaua sita, ukanirudishia arobaini na sita. Binti, endelea kuua hivyo hivyo. Lete kisu."

Tuligawa fungu lenye mashina matano yenye chipukizi changa. Msigawe chini ya matatu, vijana, halitakuwa na nguvu. Nilimsihi achukue zaidi, akasema nyumbani kwa binti yake kuna mparachichi mmoja tu na hataki kuulemea.

Wiki iliyofuata nilikwenda Buwenge, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinatetemeka na hakuweza tena kukaza fundo. Nilipanda mparachichi ule nikiwa na kamba za mgomba begani. Niliweka mmea kwenye panda, nikausogeza kidogo upate jua la asubuhi, nikazungusha kamba, nikakaza, nikautikisa kuona kama unacheza. Haukucheza. Mzee Ramadhani alisimama chini mikono nyuma, akinitazama tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na la kunisahihisha.